Miji Mikongwe ya Moroko kwa Siku Kumi: Mwongozo Kamili wa Kupanga na Kutembea

Moroko imekuwa na miji mikuu minne kwa nyakati tofauti: Fes, Marrakech, Meknes na Rabat. Mara nyingi nasaba iliyotwaa utawala ilijenga kwake na kuyaacha ya mwenzake yaporomoke, au iliyabomoa makusudi ili ipate marumaru. Leo miji yote minne imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na yote imeunganishwa kwa reli. Hulazimiki kukodi gari wala kujiunga na msafara wa watalii wanaofuata kibendera. Mtu wa Dar au Nairobi akiniuliza aanzie wapi Afrika Kaskazini kama anachotaka ni historia, namwambia Moroko kabla ya Misri. Misri ina majengo makubwa na ya kale zaidi, sawa. Ila Moroko watu bado wanaishi ndani ya hiyo historia: wanaoka mikate humo, wanafua shaba, wanaswali, wanagombana.

Ratiba hapa chini ni ya siku kumi. Ukiwa na siku saba, punguza Rabat na Meknes. Fes usiiguse.

Kabla ya kulipa tiketi ya ndege

Anza na visa. Masharti hutofautiana kwa kila pasipoti, na wenye kibali cha kuishi Ulaya au Marekani wakati mwingine hupata njia rahisi zaidi, kwa hiyo uliza ubalozi wa Moroko ulio karibu nawe kwanza, kisha ndio utafute ndege. Ukitoka Afrika Mashariki utaunganisha safari Cairo, Istanbul, Doha au Dubai, kisha Casablanca. Jaribu kukata tiketi ya kuingilia Casablanca na kutokea Marrakech. Utaokoa siku nzima ya kurudi nyuma.

Miezi mizuri ni Machi hadi Mei, na katikati ya Septemba hadi Novemba. Julai na Agosti, Fes na Marrakech hupita nyuzi 40, na vichochoro vya mji mkongwe havina upepo. Desemba na Januari ni kinyume chake: mchana jua zuri, usiku baridi inayoingia mifupani, kwa sababu nyumba za kizamani zimejengwa kufukuza joto na nyingi hazina cha kuzipasha. Aliyezoea Tanga au Mombasa abebe sweta la kweli, si la mapambo.

Ramadhani ni suala la peke yake. Majumba ya kihistoria hufunga mapema, mikahawa mingi imefungwa mchana, na watu wamechoka. Usiku lakini mji huamka upya, na futari yao ya supu ya harira, tende na chebakia zilizolowa asali inatosha kuwa sababu ya kwenda. Kama unafunga, nenda. Kama hufungi na una siku chache, ngoja. Saa nazo hubadilika: kwa kawaida Moroko iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili, na Ramadhani huwa tatu.

Fedha ni dirhamu. Hutazipata nyumbani, na usitegemee kwamba kuna atakayekubadilishia shilingi huko. Beba euro au dola, na kadi ya benki kwa ajili ya mashine. Kwenye mji mkongwe karibu kila kitu ni taslimu, na chenji ni shida ya kudumu, hivyo noti ya 200 ivunje mapema dukani au stesheni. Viingilio vya madrasa ndogo za Fes ni kidogo sana. Majumba makubwa ya Marrakech ni ghali zaidi. Nikipanga bajeti huweka dirhamu mia moja kwa kila jumba, na kinachobaki kinakuwa cha chai.

Jambo la mwisho kabla ya kufunga begi: droni iache nyumbani. Hairuhusiwi kuingia bila kibali maalumu, na forodha wataishikilia uwanja wa ndege.

Siku ya kwanza: Casablanca, na usikae

Treni hutoka uwanja wa ndege wa Mohammed V hadi stesheni ya Casa Voyageurs, na hapo ndipo zinapoanzia njia nyingine zote. Casablanca ni mji wa biashara. Wapenzi wa majengo ya miaka ya 1930 watapata cha kutazama katikati ya mji, lakini jambo moja kubwa ni Msikiti wa Hassan II, uliokamilika mwaka 1993, nusu yake ukiwa juu ya bahari ya Atlantiki, na mnara wa takriban mita 200. Ndani huingia waumini 25,000.

Hapa lazima nieleze kanuni itakayokufuata safari nzima. Moroko, asiye Mwislamu haingii msikitini. Hassan II ni wa pekee miongoni mwa misikiti inayotumika: kuna ziara za kuongozwa zenye tiketi, nje ya nyakati za swala, kwa mtu wa dini yoyote. Kwa hiyo msomaji asiye Mwislamu asikose huu, maana kwingine ataishia kuchungulia mlangoni. Msomaji Mwislamu hana haja ya tiketi wakati wa swala; aingie na wenzake. Mahali pengine bawabu anaweza kukuuliza kama wewe ni Mwislamu, kwa kuwa sura na nguo zako hazijamwambia. Salamu na jibu fupi vinatosha.

Siku ya pili: Rabat

Ni mwendo wa kama saa moja kwa treni. Ukitaka kuonja treni ya kasi ya Al Boraq, inayokwenda Tangier tangu Novemba 2018, ipande kipande hiki.

Mnara wa Hassan ulianzwa na khalifa Yaqub al-Mansur wa nasaba ya Almohad karne ya 12. Alikufa mwaka 1199, kazi ikasimama, na mpaka leo mnara una mita 44 tu na mbele yake zimebaki nguzo zilizokatika za msikiti ambao haukuisha. Ng'ambo ya uwanja ni kaburi la Mfalme Mohammed V, lililo wazi kwa wote. Toka hapo tembea hadi ngome ya Udayas, yenye kuta za rangi ya udongo juu ya mdomo wa mto Bou Regreg. Ukiwa na mchana mzima, ongeza Chellah, magofu ya Kirumi ambayo watawala wa Marinid waliyageuza makaburi yao. Rabat ni mji mtulivu, hakuna anayekuvuta mkono. Ndiyo maana naupenda kama mahali pa kuzoea nchi kabla ya Fes.

Siku ya tatu na ya nne: Meknes na Volubilis

Meknes ni kazi ya mtu mmoja, Moulay Ismail, aliyetawala tangu 1672 hadi 1727 na kutumia muda huo wote akijenga. Lango la Bab Mansour, lililomalizwa na mwanawe mwaka 1732, ndilo linalopigwa picha, lakini ghala la nafaka la Heri es-Souani ndilo linaloonyesha ukubwa wa tamaa yake: kuta nene, matao yanayofuatana mpaka macho yanachoka, na ubaridi wa ghafla ukiingia ndani.

Siku ya pili yake nenda Volubilis, kama kilomita 30. Hakuna treni wala basi la maana. Kuna teksi kubwa za kuchangia, ambazo huondoka zikijaa abiria sita, mpaka mji wa Moulay Idriss Zerhoun. Lakini kutoka hapo bado una mwendo. Afadhali ukodi teksi nzima kwa nusu siku, mpatane kabla ya mlango kufungwa: kwenda, kusubiri saa mbili, kupita Moulay Idriss, kurudi. Malipo yawe mwishoni.

Volubilis ulikuwa mji wa mwisho wa maana wa Roma upande huu, na mali yake ilitokana na mafuta ya zeituni. Vinu vya kukamulia bado vimo katikati ya nyumba. Tao la mfalme Caracalla ni la mwaka 217. Uzuri wake hasa uko chini: sakafu za vijiwe vya rangi zimeachwa palepale zilipowekwa, chini ya jua, kwenye vyumba vya nyumba zisizo na paa. Katika picha za sakafu hizo, mtafute mwanasarakasi aliyempanda punda kinyumenyume. Kivuli hakuna kabisa, kwa hiyo fika mapema asubuhi au baada ya saa kumi, na maji ubebe mwenyewe.

Siku ya tano hadi ya saba: Fes

Treni kutoka Meknes ni chini ya saa moja. Panga riadi, yaani nyumba ya kizamani yenye ua katikati iliyogeuzwa ya wageni, ndani ya Fes el-Bali, mji mkongwe wenyewe. Waandikie mapema waje kukupokea langoni. Gari haliingii ndani, vichochoro husemwa vinafika 9,000, na ramani ya simu hupotea kati ya kuta ndefu. Kuna vijana wenye mikokoteni kwenye malango. Mmoja akichukua begi lako kabla hamjapatana, bei atakuwa nayo yeye.

Aliyetembea Lamu ataona kama anaijua Fes, mpaka aanze kushuka. Mji uko bondeni. Mitaa miwili mikuu, Talaa Kebira na Talaa Sghira, huanzia lango la Bab Bou Jeloud na kuteremka hadi msikiti wa Qarawiyyin. Kanuni ya kutopotea ni hiyo: ukishuka unaelekea katikati, ukipanda unarudi langoni. Ukisikia "balak!" nyuma yako, egemea ukuta bila kugeuka kuuliza. Ni baghala amebeba mitungi ya gesi au ngozi mbichi, na hana breki.

Siku ya kwanza lipia mwongozaji mwenye kitambulisho rasmi, kupitia riadi au ofisi ya utalii, kwa nusu siku. Mwambie kabla ya kuondoka: sitaki maduka. Rudia. Wengi hulipwa kamisheni na wenye maduka ya mazulia, na asubuhi yako inaweza kuisha ukinywa chai juu ya zulia ambalo huna nia nalo. Siku ya pili na ya tatu tembea peke yako, kwa sababu sasa mji umeshaingia kichwani.

Mapapasi wa Fes hawatofautiani sana na wa Zanzibar. Atakwambia njia imefungwa, au leo ni sikukuu ya Waberberi, au anakwenda hukohuko unakokwenda. Njia haijafungwa. "La, shukran," kisha endelea kutembea, bila kusimama na bila hasira.

Mahali pa kutumia muda mrefu ni madrasa ya Bou Inania, iliyojengwa kati ya 1350 na 1355 na Sultani Abu Inan Faris. Watu wengi huingia, hupiga picha ya ua, hutoka. Wewe kaa pembeni uangalie ukuta mmoja toka chini kwenda juu. Chini, usawa wa mgongo wa mtu aliyeketi, ni zelliji: vigae vilivyokatwa kimoja kimoja kwa nyundo, vikapangwa kifudifudi, uso chini, fundi akiuona mchoro kichwani tu, kisha vikamwagiwa chokaa kwa nyuma. Juu yake kuna mkanda wa maandishi. Juu ya maandishi, plasta iliyochongwa wakati bado mbichi, vishimo vidogo kiasi kwamba kivuli chake ndicho kinachofanya nakshi. Juu kabisa, mti wa mwerezi uliopigwa na mvua za karne saba ukawa rangi ya kahawa. Kitu kigumu kiko mikono inapogusa, laini kiko isipofika. Ukishaijua kanuni hiyo, utaisoma kwenye kila jengo utakaloingia Moroko.

Abu Inan huyohuyo ndiye aliyeagiza kumbukumbu za Ibn Battuta ziandikwe. Mtu wa Tangier huyu aliondoka kwao mwaka 1325, akafika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na aliporudi baada ya karibu robo karne alimsimulia yote karani Ibn Juzayy. Kazi ikaisha mwaka 1355, mwaka uleule madrasa ilipokamilika. Tunachokijua kuhusu Kilwa ya wakati wa Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ukarimu wake na uzuri wa mji wake, sehemu kubwa tumekipata kwa agizo la mtu aliyejenga ua uliosimama ndani yake. Mwongozaji hatakutajia, kwa kuwa hajui unatoka wapi. Mtajie wewe, mazungumzo yatabadilika.

Qarawiyyin, ulioasisiwa mwaka 859 na mwanamke, Fatima al-Fihri kwa mujibu wa mapokeo, ni msikiti na chuo cha kale kuliko vyuo vyote vya Ulaya. Mwislamu aingie wakati wa swala. Wanawake wana sehemu yao. Asiye Mwislamu asimame mlangoni, ambapo ua na visima vya udhu huonekana, kisha apande kwenye ukumbi wa juu wa madrasa ya Attarine au paa la mkahawa jirani ili aone mapaa ya kijani. Hatua chache kutoka hapo ni uwanja wa Seffarine, wa wafua shaba. Agiza chai ya nanaa na ukae. Sufuria kubwa za harusi hupigwa hapo nyundo kwa nyundo, mabwana watatu wanne wakipokezana mdundo, na kuongea haiwezekani.

Kwenye mashimo ya ngozi ya Chouara utafika tu, hata usipotaka, harufu itakuongoza. Mtazamo uko kwenye mabaraza ya maduka ya ngozi, ambapo mlangoni hupewa tawi la nanaa la kuweka puani. Mashimo meupe ni ya chokaa na kinyesi cha njiwa, ambacho hulainisha ngozi. Ya rangi ni ya kupaka. Wanaume husimama humo maji yakiwafika mapajani. Nenda asubuhi, rangi zikiwa mbichi. Kuangalia ni bure kwa jina. Dirhamu 10 au 20 kwa mwenye baraza ni haki yake, kununua si lazima.

Ijumaa, Fes hulala baada ya swala ya adhuhuri, maduka mengi hufungwa na kila nyumba hula kuskusi. Pangia siku hiyo makaburi ya Marinid juu ya kilima, ambapo mji mzima unaonekana kwa mpigo mmoja, au mtaa wa Mellah wa Wayahudi huko Fes el-Jdid, mji "mpya" wa mwaka 1276.

Siku ya nane: treni

Fes hadi Marrakech ni karibu saa saba. Lipa daraja la kwanza, tofauti ni ndogo na kiti kina namba. Nunua mkate, zeituni na machungwa sokoni asubuhi. Abiria wenzako watafungua vyakula vyao na kukukaribisha. Uwe na cha kurudisha.

Siku ya tisa na ya kumi: Marrakech

Baada ya Fes, Marrakech itaonekana imejipamba kwa ajili ya wageni, na kwa kiasi fulani ni kweli. Pikipiki zinaruhusiwa ndani ya mji mkongwe, basi shika upande mmoja wa njia na usiyumbe.

Anza asubuhi na mapema, na madrasa ya Ben Youssef ndiyo iwe ya kwanza. Ni ya karne ya 16. Panda vyumba vya wanafunzi juu uone walivyobanana. Kisha shuka kusini: jumba la Bahia, la mwishoni mwa karne ya 19, makaburi ya nasaba ya Saadi, na jumba la El Badi. Vitu viwili vya mwisho visome pamoja. Sultani Ahmad al-Mansur wa nasaba hiyo alianza El Badi mwaka 1578 kwa dhahabu na marumaru. Moulay Ismail, yule wa Meknes, baadaye akayang'oa yote akajengee kwake. Makaburi hakuyagusa, aliyafungia kwa ukuta, na njia ya kuingilia ikafunguliwa tena mwaka 1917. Tetemeko la Septemba 2023 lilitikisa kuta nyingi hapa, kwa hiyo ukikuta jukwaa la mafundi mahali fulani usishangae. Bustani ya Majorelle huuza tiketi mtandaoni, na foleni ni ndefu. Nikiwa na mchana mmoja tu, ningeiruka bustani hiyo.

Jemaa el-Fna, uwanja mkuu, mchana hauna maana. Nenda jua likizama. Wapiga ngoma za Gnawa, ambao asili yao ni watumwa waliovushwa Sahara, wasimulizi, vibanda vya moshi. Kila picha ina bei: uliza kabla ya kunyanyua simu. Mwanamke mwenye sindano ya hina akikushika mkono, uvute taratibu. Ile hina nyeusi tii ina kemikali zilezile za piko na huacha malengelenge. Kina dada wa pwani wanajua habari hiyo.

Kula tangia, si tajini (mchuzi wa kwenye chungu cha udongo) peke yake. Nyama, ndimu za chumvi, kitunguu saumu na bizari huingizwa kwenye mtungi wa udongo, mdomo ukafungwa karatasi, na mtungi ukapelekwa kufukiwa kwenye jivu la tanuri la hamamu usiku kucha. Ni chakula cha mafundi wa mji huu, na utakikuta mchana kwenye vichochoro vya kaskazini ya uwanja.

Ununuzi uache mpaka siku hii, ili usibebe mizigo kwenye treni. Kwanza pita kituo cha Ensemble Artisanal karibu na mnara wa Koutoubia, ambapo bei imeandikwa. Sasa una kipimo. Sokoni taja bei ikiwa tu uko tayari kuilipa. Kutaja kisha kuondoka ni utovu wa adabu kwao kama ulivyo Kariakoo. Zafarani ya bei ya kutupwa si zafarani.

Teksi ndogo za mjini hubeba abiria watatu na zina mita. Sema "compteur" kabla ya kukaa. Baada ya saa mbili usiku nauli huongezeka kwa nusu, na hiyo ni halali. Mwishoni, dirhamu zilizobaki zibadilishe kabla ya kupita ukaguzi wa pasipoti, ukiwa na risiti ya benki ya mara ya kwanza mkononi.